Miezi saba na jiko la presha la umeme, nyumba ya kupanga Tandika

Nililinunua Kariakoo kwa 165,000, hela ya mchezo. Lita 6, wati 1,000. Nilipoingia nalo uani Mama Shufaa wa chumba cha pili akalitazama boksi, halafu akanitazama mimi. "Dada, hicho kitu na LUKU yetu hii moja?" Tupo wapangaji watano, mita moja, tunachanga sawa kwa sawa. Hapa kwetu hata pasi huitishiwa kikao.

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sisi tupo bei ya kawaida, 1,000 inatoa uniti 2.8 hivi, siyo ile nafuu ya wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Basi Jumamosi asubuhi nikaomba kila mtu azime vyake, hadi friji. Tukasoma rimoti ya LUKU mbele ya mashahidi. Nikaweka nusu kilo ya maharage ya njano, hayajalowekwa, nikafunga mfuniko. Dakika 50 baadaye nikaachia mvuke, maharage yamelainika mpaka maganda yanapasuka. Tukasoma tena: imekwenda uniti 0.4. Shilingi 140 na kitu. Mama Shufaa akachukua rimoti akasoma mwenyewe, akaniuliza kama sijaichezea. Maharage hayo hayo kwenye mkaa yananilia nusu kisado, na kisado dukani kwetu ni 2,000.

Zile wati 1,000 za kwenye boksi ndizo zinazowatisha watu. Lakini hazivutwi muda wote. Presha ikishajaa jiko linajizima, joto linabaki ndani, likipoa kidogo linajiwasha, linazima tena. Ukisimama pembeni unasikia "tiki" yake.

Kongoro, makande, choroko, ndizi nyama: hapo sina neno. Wali unaiva vizuri ila hautoi ukoko, na huwezi kuupalia, kwa hiyo watoto wangu wamenuna tangu mwezi wa kwanza. Ugali usijaribu. Sufuria ya ndani inazunguka pamoja na mwiko, utaishia kuikumbatia kwa magoti na ni ya moto. Ugali na chapati bado napikia gesi. Mtungi wa kilo 6 uliokuwa unaisha mwezi mmoja sasa unakaribia miwili. Mkaa nanunua kwa pilau ya Idi tu.

Jamaa mmoja kijiweni aliniambia nimehamisha moshi tu, kwa kuwa umeme nao kuna mahali unachomewa. Kuna ukweli. Gesi ya Songo Songo inachomwa pale Ubungo tangu 2004. Lakini bwawa la Nyerere kule Rufiji, lililoanza kutoa umeme Februari 2024 na lililojengwa kwa megawati 2,115, linazungushwa na maji. Na mkaa je? Kwenye tanuri la udongo kilo moja ya mkaa inaweza kula kilo tano mpaka kumi za kuni, kabla hujauwasha wewe na kuukohoa. Yeye alinijibu kwamba chai ya mkaa ni tamu zaidi, tukaachana hapo.

Lengo la nchi ni Watanzania asilimia 80 wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi naona kikwazo cha uani kwetu hakikuwa bei ya umeme, kilikuwa mita ya watu watano. Bila ile Jumamosi jiko lingerudi kwenye boksi. Nawajua wawili waliorudisha.

Maudhi yapo. Usichomeke kwenye ekstensheni ya bei rahisi, yangu iliyeyuka wiki ya pili, chomeka ukutani. Umeme ukikatika katikati jiko linasahau lilipofika. Usifungue, joto la ndani linaendelea kupika kwa muda, kisha ukirudi uanze upya kwa dakika chache. Na maharage yasivuke nusu ya sufuria, povu huziba tundu la mvuke.

Kubwa kuliko yote ni mpira wa mfuniko. Mama Shufaa sasa ndiye mteja wangu namba moja. Huleta maharage yake Jumatano na 200 ya LUKU, tena anaiweka mwenyewe kwenye kopo la mchango. Mwezi uliopita alileta vibua bila kuniambia. Mpira ulinyonya harufu, nikaulowesha kwenye limau, nikauanika juani siku mbili, ubwabwa wa Jumapili ukanukia samaki vilevile. Duka nililonunulia wanasema mpira hauuzwi peke yake, ninunue jiko jingine. Mwenye kujua unakopatikana wa lita 6 aniandikie hapa. Nataka miwili, mmoja tutauandika "vibua".