The Moonstone ya Wilkie Collins: Siri Zinazofichwa na Watu Wema

Msomaji wa riwaya za upelelezi huzoea upesi kumsaka mwongo. Akikutana na mhusika anayebabaika akiulizwa alikuwa wapi usiku wa tukio, humtilia shaka hapo hapo, kisha huendelea kusoma akingojea kurasa za mwisho zithibitishe kwamba hakukosea. The Moonstone, riwaya ya Mwingereza Wilkie Collins iliyotoka mwaka 1868, inamnyang'anya msomaji huyo silaha yake, kwa kuwa wengi wa wanaoficha mambo ndani yake si waovu hata kidogo. Wananyamaza kwa mapenzi, kwa aibu, au kwa kulilinda jina la mtu mwingine, na kunyamaza kwao ndiko kunakoifanya kesi ya almasi moja iliyopotea ichukue karibu mwaka mzima kufumbuliwa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuisoma riwaya hii leo, wakati mbinu zake nyingine zimekwisha kuigwa mno na waandishi waliofuata.

Kisa kinaanzia India. Mwaka 1799, majeshi ya Waingereza yanapouteka mji wa Seringapatam na kumuua mtawala wake, Tipu Sultan, ofisa mmoja aitwaye John Herncastle anakutwa katika ghala la silaha akiwa na mwenge mkono mmoja na jambia linalochuruzika damu mkono wa pili. Wahindi wawili wamelala maiti mlangoni na wa tatu anakata roho. Kwenye mpini wa jambia kuna almasi ya manjano, iliyokuwa mali ya mungu wa mwezi wa Wahindu kabla ya kuporwa na mtu mmoja baada ya mwingine kwa karne nyingi. Herncastle anarudi nayo Uingereza, anaishi maisha ya kutengwa na ndugu zake, na anapokufa anamwachia mpwa wake Rachel Verinder, ambaye anakabidhiwa siku anapotimiza miaka 18, tarehe 21 Juni 1848, katika nyumba ya mama yake huko Yorkshire. Thamani yake inakadiriwa kuwa pauni 20,000. Usiku huo Rachel anaiweka katika droo ya kabati lisilo na kufuli, na asubuhi haipo. Wahindi watatu waliojifanya wachezaji wa mazingaombwe wameonekana wakizunguka nyumba hiyo, kwa hiyo kila mtu anadhani jibu ni rahisi.

Jibu si rahisi, na sura zinazoonyesha hivyo ndizo bora kuliko zote. Kwanza anakuja mrakibu wa polisi wa mji wa jirani, Seegrave, mtu mwenye sauti ya amri, ambaye anawakusanya watumishi wa kike na kuwafokea. Mlango wa chumba cha Rachel ulikuwa umetoka kupakwa rangi ya mapambo, na chini ya kitasa pana alama ndogo ambapo rangi imeparuzwa. Seegrave anaamua kwamba sketi za watumishi waliosongamana pale ndizo zilizoharibu, na analipuuza jambo hilo. Baadaye anafika Sajenti Cuff kutoka London, mzee mwembamba mwenye tai nyeupe, ambaye ungemdhania mchungaji au mzishi, na ambaye kwanza anavutiwa na bustani ya mawaridi kuliko kesi yenyewe. Cuff anaiangalia ile alama na kuuliza maswali machache tu. Rangi ya mwisho ilipakwa saa ngapi? Saa tisa alasiri, siku ya Jumatano. Huchukua muda gani kukauka? Saa kumi na mbili. Basi kufikia saa tisa za usiku ilikuwa imekauka, na Seegrave alipowakusanya watumishi saa tano asubuhi ya Alhamisi, ilikuwa na saa nane tangu ikauke, kwa hiyo hakuna sketi ambayo ingeweza kuiparuza. Binti mmoja mtumishi anakumbuka kwamba alipoagana na bibi yake karibu na saa sita za usiku mlango ulikuwa mzima. Aliyeuparuza alipita hapo kati ya saa sita na saa tisa za usiku, na mahali fulani ndani ya nyumba hiyo kuna vazi lenye doa la rangi. Kuanzia hapo msako si wa almasi tena bali wa nguo, na Cuff anaomba daftari la nguo za dobi.

Ninaitaja hesabu hiyo kwa urefu kwa sababu inaonyesha uaminifu wa mwandishi. Msomaji amekwisha kupewa taarifa zote za rangi ile katika sura za nyuma, zikiwa zimechanganywa na mambo ya mapenzi ya vijana, na kama hakuzitilia maanani kosa ni lake. Waandishi wengi wa leo huficha ushahidi mfukoni kisha wakautoa dakika ya mwisho na kudai kuwa wametushinda akili. Collins anauweka mezani na kukuacha uupite.

Wazo la vazi lililopotea hakulitoa hewani. Mwaka 1860 mtoto mdogo aliuawa katika nyumba ya Road Hill, kusini magharibi mwa Uingereza, na mpelelezi Jonathan Whicher wa Scotland Yard aliyetumwa kutoka London akamshuku Constance Kent, binti wa nyumba hiyo hiyo, hasa kwa sababu vazi lake moja la kulalia halikuonekana. Uingereza ilimcheka na kumlaumu kwa kuthubutu kumnyooshea kidole msichana wa familia ya heshima. Mwaka 1865 Constance alikiri mwenyewe. Wasomaji wa 1868 walikuwa bado na kumbukumbu hiyo, na Sajenti Cuff anapoanza kumtazama Rachel kwa jicho la mashaka, walijua vizuri ni jambo la aina gani linalotokea: mtu wa tabaka la chini anapekua kabati za wenye nyumba.

Riwaya haina msimulizi mmoja. Franklin Blake, binamu yake Rachel aliyeileta almasi Yorkshire, anawaomba waliohusika kila mmoja aandike sehemu yake, kwa sharti kwamba asiseme ila lile alilolijua wakati huo. Msimulizi wa kwanza na mrefu zaidi ni Gabriel Betteredge, mtumishi mzee anayesimamia nyumba, mwenye umri unaopita miaka 70, anayeitumia Robinson Crusoe kama wengine wanavyotumia ramli: akikwama katika jambo lolote anakifungua kitabu hicho, anasoma mstari, anawasha kiko na kutulia. Kwa mdomo anauchukia upelelezi, lakini mara Cuff anapoanza kazi mzee anashikwa na kile anachokiita homa ya upelelezi, na nadhani kila msomaji wa riwaya za aina hii ataitambua homa hiyo mwilini mwake. Baada yake anakuja Bi Clack, jamaa maskini wa familia, mlokole anayesambaza vijitabu vya dini nyumbani kwa watu, kimojawapo kikionya juu ya Shetani aliyejificha ndani ya burashi ya nywele. Anavificha kwenye makochi, kwenye vyungu vya maua, hata bafuni, huku akisikiliza kwenye milango kwa ajili ya wokovu wa wenzake. Anataka pia kuandika mambo aliyoyajua baadaye, na Franklin anamkatalia kwa barua. Ni ucheshi mkali, lakini una kazi, maana msomaji anajifunza kupima kila ushahidi kwa kumpima anayeutoa.

Sasa nirudi kwenye siri. Rachel, mwenye mali iliyoibwa, ndiye anayekataa kabisa kusaidia upelelezi. Hataki kabati lake lifunguliwe, hataki kuzungumza na Cuff, na ghafla anamgeuzia kisogo Franklin, kijana ambaye jana yake walikuwa wakipaka rangi pamoja. Cuff, ambaye ameona maovu mengi ya London, anafasiri kimya hicho kwa uzoefu wake wa kazi, na hoja yake inaonekana haina tundu. Yupo pia Rosanna Spearman, mtumishi aliyewahi kufungwa kwa wizi, ambaye kila jioni huenda kukaa peke yake kwenye ufuko wa mchanga unaotetemeka na kumeza kila kinachotupwa juu yake. Yeye naye ana analolificha, na sababu yake ni tofauti kabisa na ile anayodhaniwa. Na katika sehemu ya pili anatokea Ezra Jennings, msaidizi wa daktari mwenye nywele za rangi mbili, anayekimbizwa na tuhuma moja kutoka mji hadi mji. Tuhuma hiyo ni nini? Kitabu kinaisha bila kusema. Mwandishi wa riwaya za mafumbo anayekubali kumwachia mhusika wake siri yake ni mtu anayejua anachokifanya.

Msomaji aliyekulia katika jamii ambazo kumsitiri mwenzio ni wema, na kumwaga ya ndani hadharani ni utovu wa adabu, atamwelewa Rachel upesi kuliko Cuff anavyomwelewa. Waliomsoma Bwana Msa, yule mpelelezi wa Zanzibar aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza ya mashindano ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, watahisi pia kwamba wamewahi kukutana na mtu anayevuta kiko na kuongea mambo ya kando huku akili ikifanya kazi. Bwana Msa hunasibishwa zaidi na Sherlock Holmes, lakini Holmes alichapishwa mara ya kwanza 1887, na Cuff na mawaridi yake alikuwa amemtangulia kwa karibu miaka ishirini.

Jambo la wizi wenyewe linastahili neno. Polisi, mawakili na wageni wa karamu wanatafuta ni nani aliyemwibia Rachel, wakati sura ya kwanza kabisa imekwisha kutuonyesha kwamba jiwe hilo lilifika Uingereza kwa mauaji na uporaji. Kwa Mwingereza wa 1868 huo ulikuwa utangulizi wa kusisimua tu. Kwa msomaji wa Tana River, Kenya, anayejua kwamba ngoma takatifu ya Wapokomo, Ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni na hadi leo imo British Museum, swali la mwenye mali ni nani haliondoki akilini. Collins hakuwa mpinga ukoloni, na wale Wahindi watatu amewachora kwa mbali, karibu bila sauti. Hata hivyo anawapa subira, nidhamu na lengo moja lisilo la tamaa, sifa ambazo ni adimu kwa baadhi ya wageni waliokaa kwenye meza ya siku ya kuzaliwa, na namna anavyowamalizia habari yao ni ya haki kuliko nilivyotarajia.

Kasoro zipo. Kitabu ni kirefu, kiasi cha kurasa 500, na kilitoka kwanza kwa sehemu za kila wiki katika jarida la Charles Dickens, All the Year Round, kuanzia Januari hadi Agosti 1868. Waliozoea hadithi za mfululizo magazetini watautambua mtindo: kila sehemu inakatika mahali pabaya, na inayofuata hujikumbusha iliyopita. Ukisoma kwa mkupuo, kujikumbusha huko kunachosha, hasa katika kurasa za wakili Bruff. Ufumbuzi nao unategemea jaribio la kitabibu ambalo sitalieleza, na ambalo daktari yeyote wa leo angelitilia shaka; mimi nililikubali kwa sababu ya Ezra Jennings mwenyewe, si kwa sababu ya sayansi yake. Maelezo ya ulemavu wa bega la Rosanna yanarudiwa kwa ukali usio wa lazima. Mshairi T. S. Eliot aliiita riwaya ya kwanza, ndefu kuliko zote na bora kuliko zote miongoni mwa riwaya za upelelezi za Kiingereza za zama hizi. Kuhusu ubora ningebishana naye, lakini sehemu ya Betteredge peke yake inatosha kumweka mwandishi mahali pa juu, na inashangaza zaidi ukijua kwamba wakati wa kuandika Collins alikuwa akiteswa na jongo, na kwamba mama yake alifariki mwezi Machi mwaka huo huo kabla hajaimaliza.

Kiingereza chake hakitishi. Betteredge anaongea kama mzee barazani, na msomaji aliyemaliza sekondari atakwenda naye vizuri. Pagumu zaidi ni dibaji ya India na kejeli za Bi Clack, ambazo humpita anayesoma kwa haraka. Haki za kunakili zimekwisha zamani, kwa hiyo kitabu kinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na tovuti ya LibriVox ina toleo la kusikiliza, linalofaa kwa wanaokaa kwenye foleni za magari. Anayetaka karatasi na maelezo ya pembeni atafute la Penguin Classics au la Oxford World's Classics. Matoleo hayo ya kitaaluma huwa na utangulizi mrefu wa mhariri, nao huzungumzia ufumbuzi kana kwamba kila mtu anaujua. Uruke, uanze na Seringapatam, na uurudie ukishamjua mwizi.