Kozi ya MRI ya mtandaoni: laki tisa zangu zimeenda wapi

Jamani naomba niandike mara moja yaishe, maana kila nikikaa naulizwa, mara inboksi, mara nikiwa Ngamiani nanunua dagaa zangu mtu ananishika bega, eti ile kozi ya MRI, ile mashine ya sumaku ya kupiga picha ndani ya mwili, inafaa au ni wale wale wa kula hela za watu. Jina la kituo silitaji, mie na wao tuna jambo halijaisha, ila ukisoma mpaka chini utajua cha kuuliza ukikutana na tangazo kama lile.

Mie ni mtu wa eksirei, nina diploma na huu mwaka wa sita niko kazini hapa hapa Tanga. Tangazo lilikuja kwenye grupu letu la WhatsApp: wiki kumi na mbili mtandaoni, halafu wiki sita fildi Dar, laki tisa, ukitoka hapo wewe ni mtaalamu wa MRI. Nikalipa kwa awamu mbili. Bando sijahesabu na sitaki kuhesabu. Nimesomea sebuleni Makorora usiku watoto wakilala, umeme ukikatika nahamia kwenye simu, vikwizi vingine nimevifanya na asilimia nne ya chaji huku natetemeka.

Nianze na kizuri. Mwalimu wa fizikia, yule mzee, Mungu ampe umri mrefu. Wengi tunaikimbia MRI kwa sababu ya fizikia, eksirei unaielewa, mionzi inapita, mfupa unazuia, umemaliza, sasa MRI hujui hata kinachopiga picha ni nini. Mzee hakuanza na hesabu, alianza na bembea za sikukuu ya Idi. Mtoto kakaa kwenye bembea, ukimsukuma ovyo ovyo haendi popote, ukimsukuma kwa kufuata mapigo ya bembea yenyewe anapaa mpaka mama yake anapiga ukunga. Basi akasema protoni za haidrojeni kwenye maji na mafuta ya mwili ndo hivyo, ukiziweka kwenye sumaku zinayumba kama pia ya kuchezea, kasi yake ni megahezi 42.58 kwa kila tesla moja (tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku), kwa hiyo mashine ya tesla 1.5 inabidi izisukume kwa karibu megahezi 64, ukikosea hapo hazikusikii. Halafu akatuambia kila mtu aangalie redio yake. FM inaanzia 88 mpaka 108, mashine ya 1.5 iko chini ya FM, ile ya tesla 3 iko 128, juu ya FM. Hapo hapo nikaelewa kwa nini chumba cha MRI kimevikwa shaba kuta zote na kwa nini mlango usipofungwa sawasawa picha inatoka na mistari, ni mawimbi ya nje yanaingia na mashine inadhani ni mgonjwa. Miaka yote nasikia "funga mlango" nilijua ni baridi ya AC.

T1 na T2, zile aina mbili kuu za picha za MRI, nazo alizipeleka vizuri. Ukipewa picha ya kichwa angalia kwanza maji ya ubongo, yakiwa meupe uko T2, yakiwa meusi na mafuta meupe uko T1, na FLAIR, aina nyingine ya picha, ni ile T2 ambayo wameyafuta hayo maji makusudi ili kidonda kilichojificha pembeni yake kionekane. Kwa moduli hii peke yake mie laki tatu natoa bila kinyongo.

Moduli ya usalama nayo iko juu, ila inatisha. Kumbe ile sumaku haizimwi jioni mkienda nyumbani! Nyaya zake zimezama kwenye gesi ya heliamu iliyogeuzwa kimiminika, baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, umeme unazunguka humo usiku na mchana, taa zikizimika sumaku bado ipo. Wakatuonyesha habari ya New York mwaka 2001, mtoto wa miaka 6 yuko ndani ya mashine, mtungi wa oksijeni ukaingizwa chumbani, ukavutwa, ukamuua. Na Mumbai 2018, ndugu wa mgonjwa kaingia na mtungi, naye hakutoka hai. Kwenye kwizi wakauliza, mgonjwa moyo umesimama akiwa ndani ya mashine unafanyaje, mie kwa mbwembwe nikaandika naanza huduma pale pale. Sifuri. Unamtoa kwanza nje ya chumba huku kifua kinakandamizwa, maana wenzako watakuja mbio na mitungi, mikasi na mashine ya kushtua moyo, badala ya maiti mmoja mtakuwa nao watatu. Lile swali nimelikosa na silisahau mpaka nazikwa.

Sasa tuje kwenye malalamiko.

La kwanza ni fomu ya kumhoji mgonjwa kabla hajaingia. Wameichukua nje kama ilivyo, kiingereza kitupu, na video zinamuonyesha mzungu anamhoji mzungu mwenzie. Ina betri ya moyo, ina klipu za mishipa ya ubongo, ina vipande vya chuma kwenye jicho, vyote sawa kabisa, na hilo la jicho kwa Tanga ni muhimu mno, fundi wetu wa kuchomelea mageti anavaa miwani ya jua ndo kinga yake, huyo unampiga eksirei ya macho kwanza ndo umpeleke kwenye sumaku. Lakini pini za mtandio hazimo. Hirizi haimo. Shanga za kiunoni ndo kabisaa.

Na nimeyaona kwa macho yangu. Fildi kaletwa bibi mmoja wa Pangani, kipimo cha mgongo, sehemu ya kiuno. Kijana tuliyekuwa naye zamu kamuuliza, bibi una chuma chochote mwilini? Bibi akajibu, chuma cha wapi mwanangu, mie mkokoteni? Kijana akaweka tiki akageuka. Mie moyo haukutulia. Nikamsogeza bibi pembeni, nikamwamkia tena, shikamoo bibi, nikamuuliza kwa sauti ya chini, bibi yangu, kiunoni hujavaa kitu? Akaniangalia, akacheka, akasema marahaba mjukuu wangu, haya nani kakufundisha? Nikamwambia bibi mie mtoto wa Tanga. Zilikuwa nyuzi nne na katikati vipande vya bati. Vingeweza kuvutwa, vingeweza kumuunguza, na kwa vyovyote picha yote ya kiuno ingekuwa shimo jeusi. Hilo hakuna moduli iliyonifundisha. Niliporudi nikaiandika upya ile fomu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, nikawatumia bure, hata asante sijapata.

La pili, na hili ndo kubwa, ni fildi yenyewe. Nilichukua likizo, nikapanda basi Kange saa kumi na mbili asubuhi, kilomita 350 na ushee mpaka Dar, nikafikia kwa mamdogo Mbagala. Wiki sita zikageuka tatu. Mashine moja, wanafunzi wanane tumejibana nyuma ya kioo kama tunaangalia mpira kibandani, anayegusa kompyuta ni mfanyakazi wa pale tu. Nimehesabu, wagonjwa niliowalaza na kuwafungia koili (kile kifaa cha kunasa mawimbi kinachowekwa kwenye sehemu inayopigwa picha) kwa mkono wangu ni kumi na moja. Kumi na moja! Na MRI utaijulia pale kitandani, goti unalizungusha kiasi gani, mikono usiiache ikagusana maana anaweza kuungua hapo inapogusana, masikio umezibaje maana ile kelele inapita desibeli mia, na mwenye hofu ya kubanwa unamshikisha kile kipira cha kuita unamuongelesha vipi mpaka akubali kukaa dakika arobaini bila kujitikisa. Hii haiji kwa Zoom. (Siku ya kwanza nimeingia na beji yangu ya kupima mionzi ya TAEC, wale wa Tume ya Nguvu za Atomiki, kifuani, mazoea ya eksirei, nikachekwa mpaka saa sita. MRI haina mionzi ile.)

La tatu dogo, maana kosa lilikuwa la tangazo na mie nimejitakia. Lile neno mtaalamu. Cheti chao ni cha kuhudhuria kozi, hakikupi leseni ya kitu chochote, leseni ya kazi yetu inatoka kwa baraza. Kama hujasomea radiografia usidhani laki tisa itakuvusha, kuna mdogo wetu mmoja tulikuwa naye katoka kwenye IT, anatomia ya vipande, yaani mwili unavyoonekana kama umekatwa slesi, hajawahi kuiona, wiki ya tatu akapotea.

Kwa hiyo ukiniuliza, mtandaoni nawapa nane kwa kumi, fildi tatu. Kama uko kazini eksirei au siti skani na unajua hospitali yako inaleta mashine, soma. Ila kabla hujatuma hela waulize kwa maandishi: fildi ni wapi, siku ngapi, mashine moja wanafunzi wangapi, na mie nitalaza wagonjwa wangapi kwa mkono wangu. Wakikujibu "usijali dada, utafurahi", rudisha simu mfukoni.

Wiki zangu tatu zilizobaki nimezidai. Wamesema nitaitwa nafasi ikipatikana, huu ni mwezi wa nne nasubiri, meseji zinasomwa hazijibiwi. Mamdogo kila Jumapili anapiga, anauliza kama chumba akipangishe.