Mafundi wa karo niliowaita Tabata: nyota nne

Nyumba yangu ya kupangisha ina wapangaji watano na karo la maji taka lililojaa. Kazi: kuvunja mfuniko wa zege wa karo la zamani, kisha kuchimba jipya.

Vibarua wa kwanza niliwasimamisha mwenyewe siku ya pili. Kijana yuko chini hata kichwa hakionekani, udongo wote umerundikwa mdomoni mwa shimo, na kupanda anakanyaga vitobo alivyochonga ukutani. Nikamwambia mwanangu, toka, hela yako nakupa.

Hawa wa pili walikuja na pikapu imejaa mirunda na mbao. Nikawauliza, mnajenga ghorofa? Nilipowaonyesha pa kuchimba, msimamizi akakataa. "Mama, hapa karibu mno na la zamani, udongo umelowa." Tukasogea hadi nyuma ya mwembe. Walipofika mita 1.5 hakuna aliyeshuka tena mpaka ukuta uegemezwe, na ngazi ikawa inashuka na shimo. Udongo waliutupa mbali na ukingo. Mita moja ya ujazo ni kama tani moja na nusu, na mimi nilikuwa nauona udongo tu.

Siku ya tatu msimamizi aliona ufa mwembamba kama uzi, hatua moja toka ukingoni. Akapiga mluzi, wote juu, upesi. Alasiri upande ambao haujafikiwa na mirunda ukameguka. Beleshi la yule mdogo lilibaki humo, wakalichimbua kesho yake mpini umevunjika.

Mfuniko ulikuwa na unene wa sentimita 15, yaani zaidi ya kilo 350 kwa kila mita ya mraba. Walilaza mbao nene toka ukingo hadi ukingo wakasimama juu yake, zege lenyewe halikanyagwi. Anayepiga nyundo kavaa mkanda, kamba imefungwa kwenye mwembe. Wakavunja vipande vidogo vidogo, nondo zikakatwa mwisho. Kuinama kuchungulia ndani marufuku, hata mimi nilifokewa, maana hewa ya karo inaangusha mtu kabla hajapiga kelele.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu kodi ya mirunda ilihesabiwa kwa siku na niliambiwa siku ya malipo. Kufika saa nne asubuhi ndiyo mapema yao. Zege walimwagia maji kidogo mno, nguo za wapangaji kambani zikawa nyeupe zote kwa vumbi. Na kifusi walisema watakizoa Jumamosi. Jumamosi mbili zimepita, kiko getini.