“Damu ni damu”: uzoefu wangu na dirisha la damu nikiwa mjamzito

Wodi ya wazazi naipa nyota tano. Maabara nne na nusu. Lile dirisha la kupokea wachangia damu, kwenye hospitali hiyohiyo hapa Dodoma, silipi hata nusu nyota. Hospitali siitaji, maana waliobaki wote walinitendea wema na sitaki wabebe lawama za mtu mmoja.

Ilikuwa kipindi cha upepo, vumbi la Nkuhungu linaingia mpaka ndani ya chandarua, na mimba yangu ilikuwa imeshafika mwezi wa nane. Nikipiga mswaki natema damu. Miguuni vikatokea vidoa vyekundu vidogovidogo, visivyowasha wala kuuma. Nikijigonga kidogo tu kwenye kona ya kitanda, alama inabaki nyeusi siku na siku. Mama mkwe akasema ni joto. Kliniki wakachukua picha nzima ya damu, majibu yakaja: chembe sahani 28,000. Mtu anatakiwa awe na kati ya 150,000 na 450,000. Hizo chembe ndizo zinazoziba pale damu inapovuja. Kuanzia siku hiyo nilikatazwa dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, maana zinazidhoofisha chembe hizo, na sindano za kuchoma kwenye msuli nazo zikawekwa pembeni.

Wajawazito wengi chembe zao hushuka kidogo mwishoni mwa mimba, mara nyingi zinabaki juu ya 100,000 na mtu anajifungua salama bila hata kujua. Zangu hazikuwa za namna hiyo. Dada wa maabara hakuiamini mashine moja kwa moja. Alinitoa damu upya kwenye chupa yenye kifuniko cha bluu, akapaka tone kwenye kioo, akainamia darubini muda mrefu. Alinieleza kwamba kuna watu ambao chembe zao hushikamana ndani ya ile chupa ya kawaida ya kifuniko cha zambarau, mashine ikahesabu pungufu, mtu akatibiwa ugonjwa asionao. Zangu hazikuwa zimeshikamana. Zilikuwa chache kweli.

Presha ilikuwa sawa na mkojo haukuwa na protini, kwa hiyo haikuwa dalili ya kifafa cha mimba. Malaria hakuna, VVU hakuna, homa ya ini hakuna. Daktari akahitimisha kwamba kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayozishambulia, akanianzishia vidonge vya predinisoloni vya kuituliza. Chembe zikapanda, lakini kwa kusuasua. Tatizo hilo peke yake, alisema, halilazimishi upasuaji. Ila mtoto alikuwa ametanguliza makalio na mimi nina mshono wa upasuaji wa uzazi wa kwanza. Kisu kilikuwa hakikwepeki, na kwa kisu walitaka nifike angalau 50,000. Ndipo tukaambiwa tutafute watu wa kuchangia damu ili zitengenezwe chembe sahani, ziwe tayari siku hiyo.

Sasa nije kwenye dirisha.

Tulifika na watu sita: shemeji zangu wawili, vijana wawili wa bodaboda wa kijiweni kwetu, na wifi yangu anayefanya kazi Mtumba, alikuja na mwenzake wa ofisini. Sita, kwa sababu damu ya mtu mmoja inatoa chembe kidogo. Dozi ya mtu mzima inachanganywa kutoka kwa wachangiaji wanne mpaka sita. Daktari alikuwa ameandika kila kitu kwenye karatasi.

“Habari za kazi, kaka.”

Hakuitika. Alikuwa anatazama simu. Akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaiweka chini ya kiwiko bila kuigeuza.

“Kaka, samahani, daktari amesema hii ni ya kutengeneza chembe sahani. Isiingie kwenye friji.”

“Mama, damu ni damu. Unanifundisha kazi?”

“Hapana, naomba tu usome hapo chini.”

“Kama unajua sana, njoo ukae huku wewe.”

Benchi zima likageuka kunitazama. Shemeji yangu akasogea, akamwambia taratibu, “Ndugu yangu, huyu ni mgonjwa.” Yule bwana akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema, “Mgonjwa gani? Si amesimama hapo?”

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Chembe zikiwa chini mtu huonekani mgonjwa. Unatembea, unaongea, unapika. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri la kliniki na kilemba, na ndani ya mwili wangu kulikuwa na hatari ambayo karatasi chini ya kiwiko chake ilikuwa inaieleza kwa maandishi. Sentensi mbili tu. Hakuzisoma.

Damu ikatolewa, watu wakapewa soda na biskuti, wakaondoka wakinipa pole. Kesho yake dada wa maabara akaja wodini na uso umebadilika. Mifuko yote sita ilikuwa imelala kwenye friji.

Naomba mnielewe hapa, maana wengi hawalijui hili na hata mimi sikulijua kabla. Chembe nyekundu zinatunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 6, zinakaa wiki kadhaa. Chembe sahani hazitaki ubaridi huo. Damu inayotolewa kwa ajili yake inabaki kwenye nyuzi 20 mpaka 24, inatenganishwa ndani ya saa chache, halafu mifuko inalazwa kwenye mashine inayoitikisa polepole usiku na mchana, na hata hivyo inadumu siku 5 tu. Ikishapigwa na friji, chembe sahani huzipati tena. Na mwanaume akishachangia anasubiri miezi mitatu, mwanamke minne. Watu wangu sita walikuwa wameisha kwa mkupuo mmoja, na upasuaji uko mlangoni. Tena ikaja kujulikana kwamba mmoja wa wale vijana wa bodaboda alikuwa amemeza aspirini siku iliyotangulia kwa ajili ya mgongo. Damu yake isingefaa kwa chembe sahani hata bila friji. Pale dirishani hakuna aliyemuuliza.

Nililia mpaka nesi akaninyang’anya simu.

Nikiwa na hasira ile niliapa nitaandika kwamba watu wasikanyage pale. Lakini nesi huyohuyo ndiye aliyeniambia jioni kwamba kuna mama aliletwa kutoka vijijini akivuja damu baada ya kujifungua, na mifuko ya ndugu zangu imetumika kwake. Yuko hai. Nilinyamaza. Siwezi kusema damu ile ilipotea, ningekuwa naongopa. Shukrani zangu kwa Mungu ni za kweli. Na hasira yangu kwa dirisha lile iko palepale, kwa sababu mama yule angestahili kupata damu bila mimi kupokonywa yangu kwa kiburi cha mtu.

Mwenyekiti wa kijiwe alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi lao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakashuka na daladala, wengine hawajui hata jina langu. Safari hii dada wa maabara alisimama mwenyewe kwenye kiti cha kutolea damu. Alimuuliza kila mmoja kuhusu aspirini, diklofenaki, umri, uzito wa kilo 50. Kila mfuko akauandika kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa: USIWEKE KWENYE FRIJI. Sikumwomba afanye hivyo.

Mfuko ulipoletwa ulikuwa na rangi ya njano hafifu, hata wekundu hauna. Mama yangu, aliyetoka Kongwa na kikapu cha unga wa uwele, aliutazama akauliza, “Hii nayo ni damu?” Niliwekewa muda mfupi kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, maana kinga yangu ingezila hizo nazo kama ilivyokula zangu, hakukuwa na faida ya kuziwahisha. Sindano ya mgongo walikataa kunichoma. Kwa sindano hiyo wanataka chembe ziwe 70,000 na kuendelea, wakihofia damu kuvujia jirani na uti wa mgongo. Nikalazwa usingizi kamili. Nilipozinduka nikaambiwa ni wa kike. Naye akapimwa, kwenye kitovu na tena baada ya siku chache, kwa kuwa kinga hiyo huweza kuvuka kondo la nyuma ikamshushia na mtoto. Zake ziko sawa kabisa. Zangu zinaendelea kupanda.

Malalamiko nilipeleka kwa maandishi. Nikajibiwa “tunalifanyia kazi.” Mpango wa Taifa wa Damu Salama tangu 2004 unahangaika kutushawishi tuchangie kwa hiari, halafu kijana wa bodaboda anaacha abiria wake, anakaa kwenye kiti, na anayempokea hanyanyui hata macho kutoka kwenye simu. Huyo kijana akiitwa tena atakuja? Mmoja ameniambia haji.

Nyota sasa. Kama ni hospitali nzima, nne, na nitajifungulia palepale Mungu akinijalia mwingine. Hapana, tatu. Nikikumbuka “si amesimama hapo” mkono unakataa kuandika nne. Mkienda kwa ajili ya chembe sahani, msiishie dirishani: mwambieni daktari apige simu maabara kabla mtu wa kwanza hajachomwa sindano, na mmoja wenu abaki pale aone mifuko inapelekwa wapi. Mume wangu hakuwepo safari ile, alikuwa kazini Singida. Anasema atakwenda kuchangia wiki ijayo. Nimemwambia aende, na asimame pale mpaka karatasi yake isomwe.