Selenium Grid ndani ya kontena kwenye seva ya kukodi: uzoefu wangu

Selenium Grid ni programu inayoendesha vivinjari ili kujaribu tovuti. Imeji rasmi za toleo lake la 4 (vifurushi ambavyo Docker huvitumia kuwasha kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) nazitumia kwenye seva ya wingu yenye vCPU 4 na RAM ya GB 8. Kwa majaribio ya kila siku ya tovuti nazipendekeza, ila mipangilio zinayokuja nayo haitoshi. Mimi huanza hivi (weka namba ya toleo, usitegemee latest):

docker run -d --init --shm-size=2g -p 127.0.0.1:4444:4444 -p 127.0.0.1:7900:7900 -e TZ=Africa/Nairobi selenium/standalone-chrome:TOLEO

Kilichomo humo chenye thamani kuliko vyote ni --shm-size. Docker huipa /dev/shm (sehemu ya RAM inayotumika kama folda ya muda) MB 64 tu, na Chrome huitumia kupitishia data kati ya michakato yake. Ukurasa wenye picha nyingi ukiijaza, kichupo kinakufa na unapata "session deleted because of page crash". Ujumbe huo hautaji kumbukumbu hata kidogo, ndiyo maana watu hushinda wakikagua msimbo usio na kosa. Jaribio likiwa linaendelea, endesha df -h /dev/shm ndani ya kontena uone inavyopanda.

Kwenye Kubernetes (mfumo wa kusimamia kontena nyingi) bendera hiyo ya --shm-size haipo. Unapachika emptyDir ya medium: Memory (folda ya muda iliyo kwenye RAM) kwenye /dev/shm, ukikumbuka kwamba kinachoandikwa humo kinahesabiwa ndani ya kikomo cha RAM cha kontena. Ukiweka kikomo cha 1Gi halafu shm ikajaa, kontena linauawa na kutoka na namba 137. Ukiwa kwenye huduma isiyokuruhusu kupanga shm, ipe Chrome --disable-dev-shm-usage. Itaandika kwenye /tmp, pengine polepole kidogo, lakini haitaanguka kwa sababu hiyo.

Kila kontena hupokea sesheni moja (kivinjari kimoja kinachoendeshwa na jaribio), nami nimeiacha hivyo. Nikitaka tatu kwa pamoja nawasha habu (inayogawa kazi) na nodi tatu (zinazoendesha vivinjari), kila nodi nikiikadiria vCPU 1 na GB 1 ya RAM. Habu na nodi zikiwa kwenye seva tofauti, poti 4442 na 4443 lazima zipitike. Zikifungwa na ngome, nodi zitaonekana hai huku gridi ikiwa tupu.

Foleni ndiyo inayochosha. Jaribio likikatika kabla ya driver.quit() (amri ya kufunga sesheni), nafasi yake inabaki imeshikwa kwa sekunde 300, na wanaosubiri nao hukatwa baada ya sekunde 300. Weka quit kwenye finally, sehemu ya msimbo inayoendeshwa hata jaribio likishindwa. SE_NODE_SESSION_TIMEOUT, inayopanga muda huo wa kushika nafasi, inaweza kupunguzwa, lakini isiwe fupi kuliko hatua yako ya polepole kabisa.

Ile 127.0.0.1 kwenye amri ya juu, inayofanya poti zifikiwe kutoka ndani ya seva tu, usiifute. Gridi haina nenosiri kwa kawaida, na poti zinazofunguliwa na Docker huruka sheria za ufw (ngome ya Linux). Mwaka 2024 watafiti wa Wiz walieleza jinsi gridi zilizo wazi zilivyokuwa zikitekwa na kuchimba sarafu za kidijitali. Poti 7900, inayokuonyesha kivinjari kikifanya kazi moja kwa moja (raha kweli unapotafuta kosa), nenosiri lake ni "secret", na dunia nzima inalijua. Pita kwa SSH: ssh -L 7900:localhost:7900 mtumiaji@seva.

TZ, inayopanga saa za kontena, nayo ina kazi. Bila hiyo kontena liko UTC (saa tatu nyuma ya Nairobi), na jaribio la tarehe linaloendeshwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kwa saa za Nairobi litaona bado ni jana.

Seva za ARM (aina nyingine ya prosesa) mara nyingi ni nafuu. Huko tumia standalone-chromium. Ukipachika folda ya kupokea faili zinazopakuliwa na kivinjari, kwanza endesha chown 1200:1201 juu yake. Mtumiaji wa ndani ya kontena si root, na bila ruhusa hiyo folda itabaki tupu.