Mimba ya mapacha: upige kazi mpaka mwisho au ukae nyumbani mapema?
Jamani mapacha sio wa kuchukulia poa. Ukikomaa na kazi hadi mwishoni, zile siku 100 za likizo yenye malipo (Tanzania anayezaa mmoja anapata 84) karibu zote unazila na watoto mkononi, ila daladala la Mbagala asubuhi umesimama na miguu imevimba, mmh. Ukianza mapema, sheria inaruhusu wiki 4 kabla ya tarehe au hata zaidi daktari akisema, unalala vizuri presha inafuatiliwa, lakini siku zinaisha watoto bado wadogo. Halafu mapacha wengi wanakuja kabla ya wiki 37, usipigie hesabu 40 kabisa. Mi ningeomba kazi ya kukaa kwanza, daktari akiandika ED (cheti cha kupumzika kazini) ndo natulia.