Samaki safi, tangi ndo shida

Nlinunua goldifishi wawili kwa duka moja la samaki wa mapambo hapa Buxton, Mombasa, mmoja jicho lina mkwaruzo manake tangi lao limejaa mawe makali, muuzaji ananambia "usijali dadangu, atapona tu". Nkacheka, lakini wallahi hajakosea sana, goldifishi hata akiwa mkubwa retina yake (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) yazidi kuota seli mpya pale ukingoni, na neva ya jicho ikikatika nyuzi zaota tena mpaka kwa ubongo, na zile nyuzi changa zina protini yaitwa NCAM, iko juu ya seli kama gundi hivi ya kushikanisha. Sisi binadamu wapi! Bei poa, ila hayo mawe watoe jamani. Nyota 3.